Tasbihi ndani ya muundi wa mdogo wangu

Bibi yetu alipopewa ile eksirei aliishika kwa mikono miwili akaielekeza dirishani, akatizama kitambo kirefu, afu akauliza, "Hii tasbihi ya nani?" Hakuna aliyecheka, manake kweli ilikua tasbihi kwa macho, punje nyeupe zimepangana kwenye waya, ziko ndani ya mguu wa mdogo wangu pale ambapo mfupa ulikua uko na sasa haupo.

Naandika haya kwa sababu kila nikienda kliniki nakutana na mama au dada amekaa na kijana wake, mguu una vyuma, donda linatoa maji, na yeye hajui kwa nini sindano hazishi na kidonda hakifungi. Sisi pia tulikua hivo hivo, tulipoteza miezi. Mimi si daktari, ni mwalimu wa chekechea hapa Lamu, mtaa wa Langoni, niliyoyajua nimeyajua kwa kukaa benchi na kuuliza mpaka masista wakanizoea, na mengine kwa kusoma usiku simu ikiwa kwenye chaji.

Mdogo wangu alikua anaendesha bodaboda upande wa bara, Mokowe kwenda Hindi. Siku hiyo magharibi imeshaingia, lori likamlazimisha kutoka barabarani na pikipiki ikamlalia. Muundi ukavunjika na mfupa ukatoboa ngozi ukatoka nje, na alipoangukia ni mchanga na mavi ya ng'ombe. Hili la mchanga nataka mlishike, manake baadae tuliambiwa mfupa uliovunjika ndani kwa ndani na mfupa uliotoka nje ukagusa udongo ni magonjwa mawili tofauti kabisa, hata kama eksirei zao zinafanana.

Akaoshwa, akafungwa kile chuma cha nje chenye misumari inayotokeza kwenye ngozi, baada ya wiki kadhaa kikatolewa akawekewa bamba la chuma na skrubu ndani. Hospitali siitaji na wala sina ugomvi nayo. Tukarudi nyumbani, baba akachinja mbuzi, watu wakaja kutoa pole na kula, sisi tukajua yameisha.

Kwenye mwezi wa pili mshono ulikua umefunga wote isipokua kitundu kimoja, kidogo, kama kichwa cha kiberiti. Kikawa kinatoa maji ya njano, siku mbili kinatoa siku tatu kinanyamaza. Ilikua karibu na Maulidi, nyumba imejaa wageni kutoka Siyu na Faza na jamaa wa Malindi, nani atapanda boti kwenda hospitali, tukasema kitakauka. Ami akamleta mkandaji, mzee wa watu mwenye nia njema, akapaka mafuta akakanda juu kwa juu. Mdogo wangu alikua akiuma shuka. Mimi ndiye niliyekua nikibadilisha kitambaa asubuhi na jioni, niliyaona yale maji, niliyanusa, na nikanyamaza kwa sababu kitundu kilikua kidogo. Wiki tano zikapita hivo na mpaka leo nikizikumbuka tumbo linanikata. Kitundu kidogo juu ya chuma ni mlango, na nyuma ya mlango ule kuna chumba kizima hukioni.

Tulipofika Mombasa kwa daktari wa mifupa, kijana tu, mpole, aliweka eksirei mbili kwenye taa, ya zamani na mpya, akatwambia tutizame skrubu. Ile ya zamani skrubu zimekaa ndani ya mfupa mweupe, zimekamatwa. Ile mpya kila skrubu ina duara jeusi pembeni yake. Baba akauliza hilo jeusi ni usaha? Daktari akasema, "Hapana mzee, hilo jeusi ni mfupa ambao haupo tena. Umeliwa."

Neno hilo *umeliwa* ndilo lililonifanya nianze kusoma. Nilikua nadhani mfupa ni kama boriti ya nyumba, ukishajengwa umejengwa. Kumbe mfupa una wafanyakazi wa aina mbili maisha yako yote, kuna wanaokula mfupa mkongwe na kuna wanaojenga mpya nyuma yao, na mtu mzima akiwa na afya hesabu yao inalingana. Sasa wakiingia wadudu pale, au chuma kikawa kinacheza, au mguu ukakaa kitako bila kukanyaga, wale walaji wanazidi na wajengaji wanabaki nyuma. Upasuaji unaweza kuwa mzuri, chuma kizuri, mshono mzuri, na mfupa ukaendelea kuyeyuka kimya kimya kwenye miezi inayofuata. Hakuna anayekwambia hivo siku unatoka wodini, unapewa karatasi ya kliniki na Panadol.

Alilazwa. Wiki za mwanzo zilikua za sindano za mshipa, gentamisini na nyenginezo, na usaha ukapungua lakini haukukatika, afu vipimo vya damu vikaonesha figo zinaanza kuchoka na mwenyewe anasema masikio yanamlia kama nzi. Wakapunguza dawa, usaha ukarudi. Tukawa tumekamatwa katikati, dawa ikizidi inaumiza figo na masikio, ikipungua haifiki kwenye mguu. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamuuliza, daktari, kama dawa iko kwenye damu na damu inafika kila mahali, kwa nini haifiki pale?

Akasimama akanijibu, na jibu lake nalirudia kwa kila mtu. Akasema damu haifiki kila mahali. Kile kipande cha mfupa katikati ya muundi kimekufa, mishipa yake ilikatika siku ya ajali, na mfupa uliokufa hauna damu, na pasipo damu hapana dawa. Juu yake wale wadudu wamejitengenezea utando, ute fulani unaonatana kwenye chuma na kwenye mfupa mfu, wanakaa chini yake wamejifunika. Unaweza kumtia dawa ya kujaza ndoo, damu itaipeleka kwenye figo, kwenye masikio, kwenye ini, mahali pote isipokua pale ulipoikusudia.

Siku ya kusaini fomu alitueleza watakachofanya. Watatoa chuma chote cha ndani. Watakata mfupa wote uliokufa mpaka wafike kwenye mfupa unaotoa damu. Patabaki pengo, na kwenye pengo watajaza punje za simiti ya mifupa, si ya kujengea nyumba, ni aina ya plastiki inayokauka ikawa ngumu, iliyochanganywa na dawa, zikae pale pale zitoe dawa pale pale. Mama akaanza kulia aliposikia simiti. Baba akawa kimya. Baba yangu ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni, hajasoma zaidi ya chuo cha Kurani lakini mbao anazijua kwa harufu. Akakaa kidogo afu akasema, "Daktari mwanangu, jahazi likipandishwa pwani ubavu wa juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini kunakokaa kwenye maji hupakwa deheni, shahamu na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Deheni humwagi baharini ukangoja ilifikie jahazi. Unaipaka ubaoni."

Daktari akamuuliza, "Na ukishapaka inakaa muda gani, mzee?"

"Haikai. Siku za mwanzo ni kali, afu maji yanaila kidogo kidogo mpaka inakua si kitu. Unapandisha chombo tena, unakwangua, unapaka upya."

"Basi na hizi punje ni hivo hivo."

Na akaeleza. Dawa nyingi inatoka siku za mwanzo, inakua kali pale kuliko sindano yoyote ya mshipa inavyoweza kufikisha, na kwenye damu inaonekana kidogo sana ndo mana figo zinapumzika. Baadae inapungua inakua ya kudondoka kidogo kidogo kwa wiki. Ikishaisha, punje ile imebaki simiti tupu, na simiti tupu ni kitu kigeni ambacho wadudu wanaweza kukikalia tena, kwa hivo lazima irudiwe kutolewa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakishajisikia vizuri hawarudi. Mwenzetu mmoja wodini alituambia alikaa na zake mwaka mzima kwa sababu nauli ilikosekana.

Sikumuelewa kwanza kwa nini simiti, kwa nini wasimwage unga wa dawa tu wakashona. Baadae nikajua unga mtupu unayeyuka na kwisha haraka mno, simiti ndo inayoushika na kuuachia polepole. Na si kila dawa inafaa, manake ile simiti ikiwa inakauka inapata moto mkali, nyengine zinaharibika kwa moto, gentamisini na vankomisini zinastahamili. Wenzetu Ujerumani ndo walioanza, daktari mmoja Hamburg anaitwa Buchholz na mwenzake Engelbrecht waliandika mwaka 1970 kwamba wamechanganya gentamisini kwenye simiti ya kushikia nyonga za bandia, na mwenzao Klemm baadae kwenye miaka hiyo hiyo ya 1970 ndo akaja na hizi punje za kwenye waya. Na kuna lililonishangaza zaidi, mwaka 1892 huko huko Ujerumani daktari anaitwa Dreesmann alikua ameshajaza mashimo ya mifupa kwa plasta, ile ile plasta ya kufungia mguu, imechanganywa na dawa ya kuulia wadudu. Yaani wazo hili lina zaidi ya miaka 100 na mimi nilikua nalisikia mara ya kwanza kwenye korido.

Hiyo ya plasta siku hizi imerudi, kuna punje za kalisi zinazoyeyuka zenyewe mwilini kwa wiki kadhaa na hazihitaji kutolewa. Tuliuliza. Ziko, lakini bei yake sisi hatukuiweza, na daktari akasema kwa pengo kubwa kama lile anataka ya simiti kwa sababu nyengine ambayo ntaieleza. Punje za mdogo wangu hazikununuliwa dukani zikiwa tayari, walizitengeneza wenyewe humo humo thieta, wakachanganya simiti yenye gentamisini na unga wa vankomisini, wakafinyanga kwa vidole kabla haijakauka, wakazitunga kwenye waya wa upasuaji. Sista mmoja alitwambia inabidi uende mbio manake dakika chache tu imeshakua jiwe. Nikawaza mama zetu wanavyofinyanga kaimati mafuta yakiwa yashachemka. Waliweka 24. Kwenye eksirei zinaonekana nyeupe kwa sababu simiti hiyo inatiwa kitu cha kuifanya ionekane, na ndiyo hiyo tasbihi aliyoiona bibi.

Mguu ulirudishiwa chuma cha nje ukakaa imara. Siku ya nne joto la mwili likashuka. Siku ya kumi mdogo wangu akanambia, "Dada, harufu imeondoka." Mimi nilikua nimeshagundua toka juzi yake lakini niliogopa kusema.

Baada ya wiki tatu zikatolewa. Wakakwangua tena, wakachukua vipande vya kupima maabara, na safari hii kwenye pengo wakaweka donge moja la simiti yenye dawa, kubwa kiasi cha kidole gumba changu. Na hapa ndo ile sababu ya pili. Kuna Mfaransa anaitwa Alain-Charles Masquelet, miaka ya 1980 aligundua kwamba ukiweka donge la simiti kwenye pengo la mfupa mwili unalizungushia ngozi nyembamba kama ya yai, na ngozi ile si kovu la bure, ina mishipa ya damu na inatoa vitu vinavyoita wajengaji wa mfupa. Unangoja wiki 6 mpaka 8, unaipasua kwa uangalifu, unatoa donge, unajaza mfupa wa mgonjwa mwenyewe ndani ya ile ngozi na kuishona kama mfuko. Bila ile ngozi mfupa mpya ukiwekwa kwenye pengo kubwa mara nyingi unaliwa na kupotea, wale walaji hawachagui mfupa wa nani. Kwa hivo donge lile lile linatoa dawa ya kuzuia wadudu, na papo hapo linatayarisha nyumba ambayo mfupa mpya ukiingia hautayeyuka. Mimi nililia siku niliyolielewa hili. Sijui kwa nini lilinigusa hivo, labda kwa vile mwezi mzima nilikua nachukia ile simiti.

Wiki saba tulingoja nyumbani. Ntakwambia ukweli kungoja ndo kugumu kuliko upasuaji. Kila kliniki ni kumshusha ngazi za nyumba yetu, na nyumba za mawe za Lamu ngazi zake unazijua, nyembamba na kila daraja lina urefu wake, vijana wawili wanampakata na wa tatu ameshika mguu. Afu punda haiwezekani, chuma kinagongana na kuta za vichochoro, basi ni kwenye mkokoteni mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, basi mchana kutwa na vizuizi vya askari njiani. Tukawa tunakatiza safari Malindi kwa shangazi, Mungu amlipe, alimuachia chumba cha chini na kitanda cha kamba na alikua anamuamkia usiku kumgeuza. Kesho yake asubuhi ndo tunaendelea Mombasa. Pesa zilitoka kwa mchango, jamaa wa Oman, wanafunzi wa baba, wazazi wa watoto ninaowafundisha walituma shilingi mia mia kwa M-Pesa.

Kwenye kungoja kule tuligombana mara moja kubwa. Marafiki zake wa stejini walikua wakija jioni na miraa na sigara, na yeye anavuta. Daktari alishasema sigara inachelewesha mfupa kuunga, inabana mishipa midogo ile ile tunayoisubiri ichipue. Nilimnyang'anya pakiti mbele ya wenzake. Alinitukana, mimi ni mkubwa wake kwa miaka sita, hajawahi. Siku mbili hatukusemeshana, ya tatu akaniita chumbani akanambia, "Nisamehe dada, nilidhani mguu ukikatwa na ukipona kwangu ni sawa tu, nimechoka." Sikujua alikua amefika huko. Watu wa mifupa wanapima usaha na kalisi na kila kitu, hili haliko kwenye karatasi yoyote, na kijana aliyelala miezi minane akitizama dari anahitaji mtu wa kumuuliza.

Upasuaji wa tatu wakachukua mfupa kwenye nyonga yake, wakausaga. Daktari alipotuelezea ulivyo, mama akasema kama machicha ya nazi, na yeye akakubali, kama machicha. Wakajaza kwenye ile ngozi wakashona. Nyonga ilimuuma kuliko mguu, hili pia hatukuambiwa mapema.

Afu likaja la kukanyaga. Tulidhani kumpumzisha ndo kumpenda, mguu juu ya mito, asiguse chini. Mfiziotherapi akatukemea. Mfupa usiobeba uzito unaliwa, hata bila ugonjwa wowote, akatupa mfano wa wanaanga, wanapoelea huko juu miezi mfupa wa nyonga unapungua kama asilimia 1 mpaka 1.5 kila mwezi na wao ni watu wazima wenye afya wanafanya mazoezi. Kwa hivo kilo kumi kwanza kwenye mizani ya bafuni, afu ishirini, afu nusu ya uzito wake, kila wiki daktari anakubali kiasi. Tuliazima mizani ya duka la jirani. Anakanyaga, mimi nasoma namba.

Niseme kidogo na la mama, manake ndilo lililonifungua macho kwamba habari hii si ya usaha peke yake. Mama aliteleza kwenye ngazi zile zile miaka mitatu kabla, shingo ya paja ikavunjika akabadilishwa nusu ya nyonga. Akaandikiwa vidonge vya alendronate vya kila wiki, vinawazuia wale walaji wa mfupa. Dawa nzuri lakini ina masharti, unaimeza asubuhi tumbo tupu na maji matupu, unakaa wima nusu saa bila kula wala kulala, ukilala inaunguza umio. Na katika hicho unachokimeza mwili hauchukui hata asilimia moja. Ramadhani ikawa mtihani, tukauliza, akaambiwa afungue kwa maji na kidonge, akae wima nusu saa ndipo ale, na mama yangu toka utoto wake hajafungua kwa kitu chengine isipokua tende. Alitii. Alikua anashika tende mkononi nusu saa nzima.

Nikajiuliza, kama punje za simiti zinapeleka dawa ya wadudu mahali pale pale, si hizi za kuzuia walaji nazo zinaweza kuwekwa pale pale? Kumbe wameshajaribu. Wasweden wa Linköping, kundi la Per Aspenberg, walichapisha 2007 jaribio la watu 50 waliobadilishwa goti, nusu yao mfupa ulipakwa dawa ya jamii hiyo hiyo ya vidonge vya mama kabla ya simiti kuwekwa, nusu maji ya chumvi tu, na waliopakwa dawa goti lao la bandia halikusogea sana kama la wenzao. Na 2012 wakafanya kwenye meno, watu 16, kila mmoja skrubu moja ya kushikia jino la bandia imepakwa utando mwembamba wenye dawa na moja haina, ile yenye dawa ikakaa imara zaidi. Daktari wetu alisema hiyo bado ni ya utafiti, hakuna rafu ya kuichukua hapa, na dozi ikizidi unazuia na wajengaji pia. Sawa. Lakini mimi naona siku itafika, na naomba ikifika isiishie Nairobi.

Na kwa wenye mama wanaotumia vidonge hivi, akienda kung'oa jino mwambieni daktari wa meno kabla, hajaweka koleo. Taya la mtu anayetumia dawa hizi linaweza kukataa kupona. Si wengi yanawapata, lakini mama yangu alikua anaenda kung'oa bila kusema chochote, nilimuwahi mlangoni.

Ukiwa na mgonjwa sasa hivi amelala na mguu wazi, mimi ningekwambia muulize daktari wake waziwazi, dawa mtaiweka wapi, kwenye mshipa tu au na kwenye mfupa wenyewe, na mkiweka inatolewa lini. Hawakasiriki. Wetu alifurahi kuulizwa. Na tarehe ya kutolewa iandike ukutani, sisi tuliiandika kwa makaa juu ya mlango wa jikoni, bado iko.

Eksirei ya mwezi wa tisa baada ya mfupa wa nyonga kuwekwa ilionesha pengo limejaa, rangi yake si sawa na mfupa wa juu na wa chini, ni kama ukuta uliozibwa lipu mpya, lakini limeunga pande tatu kati ya nne na hiyo ya nne daktari anaifuatilia. Mguu umekua mfupi sentimita moja na nusu, fundi wa viatu Malindi alimwekea soli ya ziada kwenye kiatu cha kushoto. Punje zake aliziomba, akaambiwa haziwezekani kwenda nazo nyumbani.

Bodaboda hajarudi. Anakwenda Matondoni na baba asubuhi, kazi ya kukaa kwanza, kukalafati, kusokota pamba na kuipigilia kwenye nafasi za mbao. Juzi nilikwenda kuwapelekea chakula nikamkuta amesimama, magongo ameyaegemeza kwenye mtumbwi, anapaka deheni chini ya jahazi la watu wa Kizingitini, mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Baba amekaa kivulini anamwelekeza, hapo bado, rudia hapo. Kliniki ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao, nimeshakata tiketi mbili.